Nataka kurekodi wazee wa Ujiji: ninunue kinasa sauti kipi?

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Kigoma. Nataka kuanza kurekodi wazee wa Ujiji kabla hawajatutoka: Waha, Wamanyema, Wabembe, na wale waliofanya kazi bandarini na kwenye reli. Wengi watazungumza Kiswahili, ila wengine mazungumzo yakikolea wanahamia Kiha. Nimetenga shilingi 400,000. Dukani nimeonyeshwa vinasa sauti vidogo vya GB 32, naambiwa vinarekodi zaidi ya saa 500. Rafiki yangu anasema simu inatosha. Nichukue kipi? Na nirekodi kwa MP3 au WAV?"

Marahaba, mwalimu. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Nunua kinasa sauti kinachotumia betri za kubadilisha, chenye tundu la maiki ya nje na tundu la hedifoni, na kinachoweza kurekodi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Mimi kwa kazi yako ningechukua Tascam DR-05X. Ila laki nne zote zisiishie hapo. Bakiza fedha ya maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kofia ya manyoya ya kuzuia upepo, na memori kadi mbili za kuaminika. Fedha ikipungua, shusha daraja la kinasa sauti kabla hujagusa fungu la maiki.

Hizo saa 500 za dukani si uongo, lakini hazikusaidii. Saa moja ya WAV ya kawaida, yaani kilohezi 44.1, biti 16, stirio, inakula MB 635 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba karibu saa 50. Ukirekodi MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula MB 58 hivi, na hapo ndipo zinapopatikana saa 550. Hakuna mzee atakayekusimulia kwa saa 50 mfululizo, na kadi ikijaa unaihamishia kwenye kompyuta jioni ileile. Kifaa kinachojisifu kwa saa na GB huku hakisemi lolote kuhusu maiki yake, mimi hukipita.

Kuhusu simu, rafiki yako hajakosea sana. Simu janja ya miaka ya karibuni, ikiunganishwa na maiki ya kubana kifuani, inatoa sauti safi kuliko kinasa sauti cha bei poa kilichowekwa mezani mbali na msemaji. Kama fedha isingekuwepo ningekwambia anza na simu kesho asubuhi, kwa sababu wazee hawatungoji. Lakini simu ina tabia tatu zitakazokuchosha. Inapigiwa, na kwenye simu nyingi kurekodi hukatika pale pale. Inasafisha sauti yenyewe bila kukuuliza, na katika kuondoa kelele hula pia miisho ya maneno ya mtu anayezungumza taratibu. Tena ni simu hiyohiyo ya kazi, ya miamala na ya picha za harusi. Nafasi ikijaa katikati ya simulizi ya safari ya meli ya Liemba, utafuta nini haraka haraka? Kinasa sauti kina kazi moja tu, na mzee akizoea kukiona hapo hukisahau mapema kuliko simu inayowaka na kuzima.

Sasa vinasa sauti vyenyewe. Madukani utakuta makundi mawili, na wauzaji huyachanganya. Kundi la kwanza ni vile vidogo vya kutamkia barua ili mwingine aiandike na vya kunasa vikao, ambavyo watu wa ofisini wamezoea kuviita diktafoni. Vilitengenezwa kwa mdomo mmoja ulio karibu, au kwa mkutano ambao mtu anataka tu kukumbuka nani alisema nini. Sony ICD-PX470 ni mfano mzuri wa kundi hili: inatumia betri mbili za AAA, ina GB 4 za ndani na nafasi ya kadi, na inachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta bila waya. Ndugu yake, ICD-UX570, ina maiki bora zaidi, lakini betri yake imefungiwa ndani. Ikichoka baada ya miaka michache, hutaibadilisha kwa kwenda dukani Mwanga.

Kundi la pili ni vinasa sauti vya waandishi wa redio na wanamuziki, vyenye maiki mbili zilizochomoza juu. Humo ndimo ilimo DR-05X, na pia Zoom H1n na mrithi wake H1essential. Maiki za hivi zina mvumo mdogo wa ndani. Mvumo huo ni ule "shshsh" unaousikia pale msemaji anaponyamaza. Bibi wa miaka themanini hapigi kelele kama mtangazaji wa mpira. Anasema polepole, anashusha sauti anapofika kwenye jambo zito, na hapo hapo kinasa sauti cha bei poa kinakupa shshsh nyingi kuliko maneno. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukusukumia kundi la pili.

Kwa nini Tascam na si Zoom? Maiki za DR-05X zinasikia pande zote, za H1n zimepishana na kutazama mbele. Ukikaa kwenye mkeka na wazee watatu wanaodakizana na kusahihishana miaka, na ndiyo mazungumzo matamu kuliko yote, yule anayekaa pembeni atasikika vizuri zaidi kwenye Tascam. Pia inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo hudumu kuliko AAA za Zoom na utazipata hata kwenye kijiji cha ziwani unakokwenda kwa boti ya kutoka Kibirizi. H1essential ina jambo moja la kuvutia: inarekodi kwa mfumo wa biti 32 ambao haukulazimishi kupima ukubwa wa sauti, iwe kunong'ona au kicheko. Lakini faili zake ni nzito, za stirio kwa kilohezi 48 zinafika GB 1.4 kwa saa, na sauti lazima uisawazishe baadaye kwenye kompyuta. Kama una kompyuta nzuri na unaogopa kupima sauti, chukua hiyo wala hutajuta. Kama unategemea kompyuta ya shule inayogombewa na walimu wote, baki na Tascam.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni umbali. Ukiongeza mara mbili umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji inashuka desibeli 6 hivi, lakini kelele za mahali zinabaki vilevile. Kinasa sauti cha bei kubwa kilicho mita mbili kutoka kwa mzee kinashindwa na maiki ya kubana ya elfu chache iliyo kwenye kanga ya bibi. Weka maiki kifuani, shibiri moja hivi chini ya kidevu, mbali na mkufu, tasbihi au kitenge kinachosuguana. Kama mnatumia maiki za kinasa sauti chenyewe, kiwe sentimita 30 mpaka 50 kutoka kwa msemaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kitakachowekwa mezani kitasikika kama mlango unaogongwa.

Unaponunua maiki ya kubana, tazama pini. Maiki za simu zina pini yenye mistari mitatu myeusi, na kinasa sauti kinataka pini yenye miwili. Ukichomeka ya simu moja kwa moja unaweza kupata ukimya au mvumo, halafu ukadhani kifaa kibovu. Kuna vipande vya kugeuza, vinauzwa bei ndogo, ila ni rahisi zaidi kununua yenye pini sahihi tangu mwanzo. Zile maiki zisizo na waya zilizojaa madukani siku hizi, zenye kipokezi cha kuchomeka kwenye tundu la chaja, ni za simu. Usizinunue kwa ajili ya kinasa sauti.

Halafu Ujiji yenyewe. Mchana upepo wa ziwani unaingia barazani, na upepo ukigusa maiki unatoa ngurumo ambayo hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Sponji nyeusi inayokuja na maiki inazuia pumzi tu. Kwa upepo wa nje unahitaji kofia ya manyoya. Washa pia kichujio cha sauti nzito kwenye kifaa, kiweke kwenye hezi 80 hivi, kitapunguza injini za boti na malori bila kuharibu sauti ya mtu. Masika usipange mazungumzo ndani ya nyumba ya bati bila dari. Mvua ikishuka mazungumzo yamekwisha, hata uwe na kifaa cha milioni tano. Chini ya mwembe asubuhi, kabla upepo haujaamka na kabla jua halijawasogeza watu, ndipo mahali pazuri kuliko chumba chenye kuta tupu kinachotoa mwangwi. Omba redio izimwe na simu zote ziwekwe mbali au kwenye hali ya ndege. Simu iliyo jirani na waya wa maiki, hasa ikitafuta mtandao wa zamani, hupenyeza ule mlio wa "trr-trr-trr", na mlio huo haufutiki.

Adhana ikianza, acha kifaa kiendelee kurekodi na nyote mnyamaze. Mzee atakushukuru kwa adabu hiyo, na utakuwa na alama ya muda ndani ya faili.

Kuna vitu viwili kwenye menyu ambavyo wauzaji huvisifia na mimi nakuomba uvizime. Cha kwanza ni kurekodi kunakoanza chenyewe kikisikia sauti. Kinachelewa kuamka, kwa hiyo kinakata silabi ya kwanza ya kila sentensi baada ya kimya. Kibaya zaidi, kinafuta vimya vyenyewe. Kwa historia ya mdomo, kimya cha mzee kabla ya kutaja aliyefukuzwa au aliyekufa ni sehemu ya ushahidi. Cha pili ni kujipimia sauti kiotomatiki. Mzee akinyamaza, kifaa kinapandisha sauti kikitafuta cha kusikia, na kuku wa jirani anaruka mbele. Akicheka, kinaishusha ghafla. Pima mwenyewe: mwambie akueleze alivyoamka leo, huku wewe unatazama mshale wa sauti. Kilele kicheze kwenye desibeli 12 hivi chini ya sifuri. Ukifika sifuri, sauti inapasuka na haitengenezeki. Ukiona huna uhakika, punguza kidogo. Na vaa hedifoni angalau dakika tano za mwanzo, kwa kuwa mshale unaonyesha sauti ipo lakini hauonyeshi kama ni ya mzee au ya jenereta.

MP3 au WAV? Rekodi WAV. MP3 hubana sauti kwa kutupa sehemu ambazo kwa hesabu yake sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. Ukiwa na WAV unaweza kutengeneza MP3 ndogo ya kutuma kwa WhatsApp muda wowote, lakini njia ya kurudi haipo. Kwako jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya Kiha. Kiha kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno, na urefu wa irabu pia unabadilisha maana. MP3 nzuri haitaua toni, lakini diktafoni iliyowekwa kwenye hali ya kubana sana, ile ya kupata saa nyingi, inakwangua sauti hadi mtu wa isimu atakayeisikiliza miaka ishirini ijayo ashindwe kujua kama bibi alivuta irabu au hakuivuta. Tumia kilohezi 44.1 au 48, biti 16 zinatosha, biti 24 ni nzuri kama una nafasi. Kupanda hadi kilohezi 96 kwa sauti ya mtu anayezungumza ni kujaza kadi bure.

Betri: nunua za alkalini au za kuchaji, uziache zile nyepesi za bei ya chini zinazokufa kabla ya saa ya pili. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye menyu ukiambie kifaa aina ya betri, vinginevyo kitakudanganya kuhusu chaji iliyobaki. Kila unapotoka beba jozi ya akiba. Ukishaanza kurekodi, sogeza kitufe cha HOLD ili mtu asikizime kwa kukigusa.

Memori kadi ndizo zinazoniumiza roho, kwa sababu feki ni nyingi sana sokoni. Kadi inaandikwa GB 64 na kompyuta inakubali kuwa ni GB 64, kumbe ndani ina GB 8. Ukipita hapo faili mpya zinaharibika au zinafuta za zamani, na hutajua hadi siku ya kusikiliza. Kabla ya kuipeleka kwa mzee yeyote, jaza kadi nzima kwa faili za kawaida kutoka kwenye kompyuta, kisha zifungue moja moja uone kama zote zinafunguka. Programu ya bure ya H2testw inafanya kazi hiyo yenyewe. Kadi ikipita, iformati ndani ya kinasa sauti na usiitumie tena kwenye simu. GB 32 inakutosha.

Jioni ileile, kabla ya kulala, nakili faili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Kadi usiifute hadi nakala zote mbili zimefunguliwa na kusikilizwa. Ipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha kifupi cha jina la msimulizi. Jina kama "REC0047" halitakwambia chochote ukishafika faili ya mia. Kwa kuandika maneno, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kusikiliza polepole na kukata. Kwa maandishi yanayofungamana na sauti sekunde kwa sekunde kuna ELAN, nayo ya bure, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen. Programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper ya OpenAI iliyotoka 2022, zinajua Kiswahili kiasi, lakini Kiha hakimo kwenye orodha ya lugha zake. Sehemu hizo utaziandika kwa mkono, ukiwa na mtoto au mjukuu wa msimulizi pembeni.

Ruhusa ya msimulizi usiiache iwe ya kutikisa kichwa. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na sauti ya mtu pamoja na habari za ukoo wake ni mambo yake binafsi. Anza kila faili kwa kusema tarehe, mahali na majina yenu, kisha muulize kwa lugha anayoielewa vizuri: nirekodi? Wanafunzi wasikilize? Iwekwe mtandaoni? Majibu matatu tofauti yanakubalika, na mengine huja siku ya pili baada ya kushauriana na watoto wake. Akisema jambo fulani libaki ndani, andika dakika na sekunde lilipo ili ulikate kwenye nakala ya darasani. Ukiifanya kazi hii kuwa utafiti rasmi, ulizia mapema kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na familia ipewe nakala yake kwenye flashi. Ni haki yao, wala usisubiri waiombe.

Ukishakuwa na kifaa, nenda na vitu vya kuamsha kumbukumbu. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1940 anaweza kuwa amesimuliwa na bibi yake jinsi reli ilivyofika Kigoma mwaka 1914, au jinsi meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 ilivyoibuliwa na hatimaye kurudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Picha ya zamani ya stesheni ikiwekwa mkononi inafungua mlango ambao swali la "nieleze historia ya Ujiji" haliufungui. Nalisema hapa kwa sababu nimesikia rekodi nyingi zenye sauti safi kabisa na hazina kitu ndani.

Mwisho, ukipata kinasa sauti kilichotumika kwa nusu ya bei, usikatae kabla ya kukagua. Fungua sehemu ya betri, tazama kama vyuma vina kutu ya kijani au unga mweupe. Chomeka maiki na hedifoni, zungusha pini taratibu huku unasikiliza. Sauti ikikatika-katika tundu limechoka. Rekodi dakika kumi ukiwa umenyamaza, kisha sikiliza kwa sauti ya juu ujue mvumo wake. Hakikisha kinaandika WAV au MP3, kwa kuwa diktafoni kadhaa za ofisini, za Olympus na Philips, huhifadhi kwa mfumo wa DSS ambao kompyuta ya kawaida haiufungui bila programu maalumu. Muuzaji akikuzuia kufanya majaribio hayo dukani kwake, rudisha laki nne zako mfukoni utafute kwingine.